Mteja Asiyeuliza Bei

Mchuuzi wa samaki pale Malindi, mjini Unguja, alifungua daftari lake, akaweka kidole chini ya jina la hoteli moja ya pwani ya mashariki, akasema: "Hawa wamekwisha, maalim."

Kwa kuliangalia tu, ukurasa ule haukuwa na la kutisha. Deni halikupita la mwaka jana. Malipo yalikuwa yanakuja, ingawa kwa kusuasua. Hoteli ina wageni, na gari la samaki linakwenda kila Jumatatu na Alhamisi kama kawaida.

"Umejuaje?"

"Hawaulizi bei tena."

Zamani mpishi wao akipiga simu ilikuwa ni kulalamika tu: nguru ghali, kamba ghali, fulani anatoa kwa chini. Siku hizi anataja kilo. Nguru thelathini, ngisi kumi, pweza kumi na tano. Basi, anakata. Mzee akafunga daftari. Mtu mwenye nia ya kulipa, alisema, lazima aulize bei.

Maneno hayo yamenikaa kichwani wiki tano sasa.

Yamenikaa kwa sababu hesabu za hoteli ile, zilizokaguliwa na kutiwa saini, nilishaziona. Ukizipitisha kwenye fomula ya kubashiri kufilisika inayofundishwa kila darasa la uhasibu, haitoki mbaya. Fomula ina miaka zaidi ya hamsini ya utafiti nyuma yake. Mzee ana simu ya mpishi.

## Kampuni 66

Aliyesomea uhasibu anamjua Edward Altman, msomi wa fedha wa Marekani, kwa hiyo nipite haraka. Mwaka 1968 alichukua kampuni 66 za viwanda za Marekani, 33 zilizofilisika na 33 zilizokuwa hai, akatafuta mchanganyiko wa uwiano (namba moja ya hesabu kugawanywa kwa nyengine) unaotenganisha makundi mawili hayo. Akabaki na uwiano wa aina tano, kila mmoja na uzito wake, na jumla yake akaiita Z. Chini ya 1.81 ni hatari, juu ya 2.99 ni salama, katikati ni mashaka.

Mwaka mmoja kabla ya kufilisika, fomula ilizipanga sawasawa kampuni 95 katika kila 100 za sampuli ile. Miaka miwili kabla, ilizikamata 72 katika kila 100 ya zilizokufa. Miaka mitatu kabla, chini ya nusu.

Hapo ndipo watu hupitwa. Fomula inaona vizuri pale ambapo mchuuzi wa samaki naye ameshaona. Kadiri unavyorudi nyuma, kule ambako taarifa ingekusaidia, macho yanafifia.

Kwa hoteli zetu fomula ya 1968 haifai hata hivyo. Inataka thamani ya hisa sokoni, na hizi zetu hazimo kwenye soko lolote la hisa. Inataka pia mauzo yagawanywe kwa mali, kipimo kinachompendelea mwenye duka na kumuonea mwenye jengo. Altman mwenyewe alitoa toleo la baadaye kwa biashara zisizo za viwanda, lenye sehemu nne:

Z = 6.56 × (mtaji wa kuendeshea ÷ mali yote) + 3.26 × (faida iliyolimbikizwa ÷ mali yote) + 6.72 × (faida kabla ya riba na kodi ÷ mali yote) + 1.05 × (mtaji wa wenyewe ÷ madeni yote)

Hapa mipaka ni 1.10 na 2.60. Mtaji wa kuendeshea ni mali za muda mfupi ukitoa madeni ya kulipwa ndani ya mwaka. Hili ndilo toleo nililotumia, na ndilo lililonifanya nimuamini mzee kuliko karatasi.

## Jengo likipanda bei kwenye karatasi

Tuchukue hoteli ya vyumba 20. Tarakimu ni za mfano, kwa milioni za shilingi, si za hoteli ile.

Mali yote 2,000. Katika hizo, za muda mfupi (fedha, wadaiwa, stoo) ni 300. Madeni ya kulipwa ndani ya mwaka 520, madeni yote 1,500. Wenyewe waliweka hisa za 700, wakala hasara ya 200 kwa miaka, kwa hiyo mtaji uliobaki ni 500. Faida kabla ya riba na kodi, 60.

Mtaji wa kuendeshea ni 300 toa 520, yaani hasi 220. Gawa kwa 2,000, zidisha kwa 6.56: hasi 0.72. Hasara iliyolimbikizwa: hasi 0.33. Faida ya mwaka: 0.20. Mtaji kwa madeni: 0.35. Jumla ni hasi 0.50.

Huyo ni mgonjwa, tena si wa kufichwa.

Sasa mwenye hoteli anataka mkopo mpya. Benki inataka dhamana. Anaitwa mthamini, anazunguka na mkanda wake, anaangalia jengo na miaka iliyobaki kwenye mkataba wa ardhi (ardhi yenyewe Zanzibar ni ya Serikali, unakodi tu), anaandika kwamba mali imeongezeka thamani kwa 2,000. Mhasibu anaingiza. Mali yote inakuwa 4,000, na mtaji wa wenyewe unaruka kutoka 500 hadi 2,500 kwa jina la akiba ya uthamini upya.

Piga tena. Mtaji wa kuendeshea ni ule ule hasi 220, lakini sasa unagawanywa kwa 4,000: hasi 0.36. Hasara ya zamani: hasi 0.16. Faida: 0.10. Mtaji kwa madeni, 2,500 kwa 1,500: 1.75.

Jumla 1.33.

Hakuna shilingi iliyoingia. Muuza samaki hajalipwa, wala chumba kimoja zaidi hakijauzwa. Hoteli imetoka kwenye hatari ikaingia kwenye mashaka, na mashaka ni eneo ambalo afisa mikopo anaweza kulitetea mbele ya mkuu wake.

Angalia ilivyopita. Sehemu ya nne imepanda, hilo linaonekana na kila mtu. Jambo la siri ni zile mbili za mwanzo: uwiano hasi ukigawanywa kwa namba kubwa zaidi unasogea kwenye sifuri. Ugonjwa umepungua kwa kuongezwa maji.

Kuna kosa baya zaidi. Baadhi ya mizania (karatasi za mali na madeni) za kampuni ndogo hazitenganishi akiba hii na faida iliyolimbikizwa. Zote zimetiwa kwenye mstari mmoja ulioandikwa "akiba". Ukiichukua namba hiyo kama ilivyo, faida iliyolimbikizwa inakuwa 1,800 badala ya hasi 200. Sehemu ya pili inatoka hasi 0.16 inakwenda 1.47, na Z inafika 2.96.

Salama kabisa. Mpigie makofi.

Dawa yake ni ya dakika kumi. Nenda kwenye maelezo yaliyo nyuma ya hesabu, mahali pa majengo na vifaa. Toa akiba ya uthamini upya kutoka kwenye mali, itoe na kwenye mtaji, ndipo upige. Ukiwa hapo, tafuta mkopo wa wakurugenzi. Kama umefungwa kwa maandishi kwamba hawalipwi kabla ya wadai wengine, unaweza kuuhesabu kama mtaji. Kama wanachota kila mwezi, ni deni la muda mfupi, hata mhasibu auite jina gani.

## Wanakula Agosti mwezi wa Mei

Hata baada ya kusafisha hesabu, kuna kitu fomula haikijui: masika.

Altman alifanya kazi na viwanda. Hoteli ya Paje au Kiwengwa inaishi miaka miwili ndani ya mwaka mmoja. Julai hadi Oktoba na tena kuanzia Krismasi hadi Februari pesa inaingia. Aprili na Mei mvua inanyesha, baadhi wanafunga milango kabisa, na mishahara ya walinzi, mafundi na wakuu wa idara inaendelea.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza ni mwaka wa hesabu unafungwa lini. Wengi hufunga tarehe 31 Desemba, siku ambayo hoteli imejaa na akaunti ina pesa kuliko siku nyingi za mwaka. Mtaji wa kuendeshea unapigwa picha ukiwa umevaa nguo za Idi. Na sehemu ya pesa ile si yao: ni malipo ya kabla ya wageni wa Januari na Februari. Katika mizania zimo pande zote mbili, fedha upande huu na amana za wageni upande ule, lakini fedha inaonekana na amana imefichwa ndani ya "madeni mengineyo". Zitoe amana kwenye fedha kisha uangalie kilichobaki.

Kipimo ninachokiamini zaidi hakimo kwenye fomula yoyote. Chukua fedha halisi za tarehe 31 Machi, bila amana. Gawa kwa matumizi ya mwezi yasiyokwepeka: mishahara, umeme na dizeli, bima, kodi ya ardhi, marejesho ya benki. Jibu ni miezi ya pumzi. Mwenye milioni 90 anayetumia milioni 30 kwa mwezi ana miezi mitatu, anafika mwisho wa Juni akiwa hoi lakini amefika. Mwenye mwezi mmoja na nusu anaishiwa katikati ya Mei.

Naye hafi hapo. Anapiga simu Ulaya.

Anampigia wakala wa safari na kumwomba malipo ya mapema. Wakala anakubali, kwa bei ya chini, kwa vyumba vya Agosti. Pesa inakuja Mei, inalipa mishahara. Agosti ikifika hoteli imejaa pomoni, wageni wako kwenye bwawa, gari za watalii zimejipanga nje, na hakuna pesa inayoingia kwa sababu Agosti ilishaliwa. Anayepita barabarani anasema hawa wamefanikiwa. Mchuuzi wa samaki anashangaa: hoteli imejaa, mbona hawalipi?

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote. Kuchelewesha malipo mwezi wa Mei ni kawaida, karibu kila mmoja anachelewesha. Kuchelewesha mwezi wa Agosti ni kauli.

Wapo pia waliofanya kinyume, wakawa wao ndio wanaomkopesha wakala, naye akafa. Thomas Cook, kampuni ya safari ya Uingereza iliyoanza 1841, ilianguka tarehe 23 Septemba 2019 huku Waingereza wapatao 150,000 wakiwa nje kwenye likizo zake. Hoteli nyingi za Mediterania zilikuwa bado zinaidai malipo ya kiangazi kile kile, kwa sababu ulikuwa mtindo wa kulipwa wiki nyingi baada ya mgeni kuondoka. Dalili haikukosekana. Mwezi Mei mwaka ule kampuni ilitangaza hasara ya nusu mwaka ya pauni bilioni 1.5, na bilioni 1.1 kati ya hizo zilikuwa ni kufuta thamani ya jina, iliyobebwa kwenye mizania tangu kuungana na MyTravel, kampuni nyengine ya safari, mwaka 2007. Miaka kumi na miwili thamani ile ilihesabiwa kuwa mali. Ni ndugu yake jengo lililopandishwa bei.

## Nani anaachwa kwanza

Kampuni ikianza kukosa pesa, haiachi kulipa watu wote pamoja. Kuna foleni, na foleni ile inasema mengi kuliko mizania.

Wa kwanza kuachwa ni yule asiyepiga simu. Makato ya ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar) ya wafanyakazi yamekatwa kwenye mshahara lakini hayajapelekwa. Kodi imekusanywa kwa mgeni lakini bado iko hotelini. Kodi ya ardhi ni ya mwaka, nani anakumbuka? Hawa ni wadai wakubwa, wenye nguvu ya sheria, lakini ni wapole kwa miezi ya mwanzo, na kampuni iliyobanwa huwakopa bila kuwaomba. Kwa hiyo ukitaka kumjua mgonjwa mapema kuliko mchuuzi wa samaki, omba risiti za ZSSF za miezi sita iliyopita. Usiombe barua ya kuthibitisha kwamba hawadaiwi. Omba risiti, uangalie tarehe. Kama michango ya Januari, Februari na Machi imelipwa siku moja ya mwezi wa Juni, umepata jibu lako.

Wa pili ni wauzaji wadogo ambao wana wenzao wa kushindana nao: mboga, samaki, dobi, fundi wa majokofu. Ukimkasirisha mmoja kuna mwengine.

Wa mwisho ni yule ambaye asipolipwa taa zinazimika leo. Umeme wa Tukuza, wa kulipia kabla, hauna deni. Huna yuniti, huna umeme. Dizeli ya jenereta ni hivyo hivyo, na hapa jicho la mtu wa stoo linaona mbali: hoteli iliyokuwa ikijaza tangi sasa inanunua kwa madumu.

Benki inakaa mahali pa ajabu kwenye foleni hii. Rejesho linalipwa kwa sababu jengo ni dhamana, hivyo benki inaweza kuwa ya mwisho kujua. Lakini benki ina dirisha lake, ikitaka kuchungulia: ovadrafti, ruhusa ya kuchota kupita salio la akaunti. Ovadrafti ya hoteli yenye afya hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Mei iko chini kabisa, Septemba imerudi juu ya sifuri. Isiyorudi juu hata Septemba si ovadrafti tena. Ni mkopo wa kudumu uliovaa jina la mkopo wa muda, na ukiuhesabu hivyo picha nzima inabadilika.

Kwenye daftari la mchuuzi nako kuna vitu viwili vya kupima kwa namba.

Cha kwanza ni siku. Chukua deni la mwisho wa mwezi, gawa kwa manunuzi ya miezi mitatu, zidisha kwa 90. Anadaiwa milioni 6 na amenunua za milioni 9: siku 60. Usilinganishe na mwezi uliopita, masika yatakudanganya. Linganisha Mei na Mei, Agosti na Agosti.

Cha pili ni sura ya malipo. Mteja mzima analipa ankara: 1,347,500, namba yenye mkia. Mteja aliyebanwa analipa 500,000, kisha 300,000, kisha 200,000. Malipo ya namba kavu maana yake analipa alichonacho, si anachodaiwa. Ukurasa wa hoteli ile, nilipouangalia vizuri, ulikuwa umebadilika hivyo tangu Februari. Mzee hakuwahi kuniambia hilo. Pengine hajui kwamba anajua.

Wakenya walioiuzia bidhaa Nakumatt, iliyokuwa na maduka makubwa ya kujihudumia, wanaifahamu njia hii. Ilikuwa kampuni binafsi, haina bei ya hisa ya kumwonya mtu. Rafu zilianza kuwa tupu kwa kuwa wauzaji waliochoka kudai walikuwa wameacha kuleta, na mteja mwenye kikapu aliyaona hayo mwaka 2017. Msimamizi wa kuinusuru aliwekwa Januari 2018. Wadai walipiga kura ya kuifunga Januari 2020.

## Duka la Konde

Upande wa Pemba uongo unakuja kwa mlango mwengine.

Mwenye duka la jumla Konde au Wete anakopesha mchele, mafuta na mabati kwa ahadi ya karafuu. Kwenye mizania, watu hao ni wadaiwa, na wadaiwa ni mali ya muda mfupi. Mtaji wa kuendeshea unatoka mzuri, tena mzuri kuliko wa hoteli yoyote, na fomula inaupa uzito wa 6.56. Lakini mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Mavuno makubwa hufuatwa na madogo. Msimu ukiwa mbaya, deni halilipwi, linasubiri msimu ujao, na mhasibu analiandika tena kuwa ni la muda mfupi. Biashara inayokufa kwa kukopesha inaonekana na afya kadiri inavyokopesha.

Panga wadaiwa kwa umri: hadi siku 30, hadi 90, hadi msimu mmoja, zaidi ya msimu. Lile fungu la mwisho lifute lote kabla hujapiga hesabu yoyote. Likilipwa, alhamdulillahi.

## Mia moja na kumi na sita

Mpaka hapa nilikuwa upande wa mzee moja kwa moja. Kisha nikakaa na hesabu nyengine, na nikayumba.

Altman alichukua wafu 33 na wazima 33. Duniani hawako nusu kwa nusu. Tuseme una wateja 1,000 na ndani ya mwaka 20 watafilisika. Una kipimo kizuri sana: kinakamata 90 katika kila 100 ya watakaokufa, na kinakosea kwa 10 tu katika kila 100 ya wazima. Katika wale 20, kimewakamata 18. Katika wale 980 wazima, kimewatuhumu 98. Orodha yako ya hatari ina majina 116, na 98 kati yao hawana tatizo la kuwaua.

Hili halihusu fomula peke yake. Mzee naye ana kipimo. Hatujui ni wapishi wangapi waliacha kuuliza bei kwa sababu tu walibadilishwa, au wamemzoea, au wamechoka. Anawakumbuka waliokufa. Wasiokufa wamo daftarini kama wateja wa kawaida, hawakumbukwi kwa lolote. James Ohlson, mwaka 1980, aliliona tatizo hili la nusu kwa nusu na kutumia kampuni 105 zilizofilisika dhidi ya 2,058 zilizo hai. Daftari la Malindi halina safu ya waliopona.

Waliopona ni wengi. Umeme ulipokatika Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu katikati ya msimu mzuri, na kila hoteli ikachoma dizeli usiku na mchana, hesabu za mwaka ule zisingeweza kumtofautisha aliyebanwa na aliyekuwa akifa. Mwaka 2020 ndege za kimataifa ziliposimama ilikuwa hivyo hivyo: piga Z kwa hesabu za mwaka ule, na karibu kila hoteli itatoka nyekundu. Nyingi zipo hadi leo. Fomula inakuambia nani amefanana na waliokufa. Lini, na kwa kusukumwa na nini, hilo liko nje ya karatasi.

Basi afanye nini mtu mwenye majina 116?

Mchuuzi anayemuuzia hoteli samaki wa milioni 3 kwa mwezi kwa faida ya asilimia 10 anapata 300,000. Akimkopesha mwezi mmoja na mteja akafa, kilichopotea hasa ni milioni 2.7 alizolipa mnadani: faida ya miezi tisa ya mteja yule yule. Akiacha deni lifike miezi mitatu, kinachopotea ni milioni 8.1. Faida ya miezi 27. Uwezekano wa kufa ni ule ule katika hali zote mbili. Kilichobadilika ni siku, na siku ndizo zilizo mikononi mwake.

Nikaona kwamba wiki zote tano nilikuwa nikiuliza swali ambalo mzee hakuhitaji jibu lake. Mimi nilitaka kujua kama watakufa. Yeye alihitaji kujua awadai kiasi gani siku watakapokufa.

## Fununu

Kuna jambo moja zaidi, nalo silipendi.

Akifunga mkopo mchuuzi mmoja, hoteli inamwendea wa pili. Lakini Malindi ni padogo. Habari inafika Darajani kabla ya adhuhuri, jioni iko Mwanakwerekwe kwa watu wa mboga. Wote wakifunga siku moja, hoteli inafungwa wiki ile ile, na kila mmoja atasema: nilijua. Je, alijua, au alisababisha? Mkaguzi anayo shida hiyo hiyo akitakiwa kuandika kama kampuni ina uwezo wa kuendelea kwa angalau miezi kumi na miwili. Akiandika shaka yake, benki inavuta mkopo, kampuni inakufa, wanasema yeye ndiye aliyeiua. Asipoandika, wanasema alikuwa wapi. Ndiyo maana shaka ile huandikwa imechelewa, kwa maneno laini, ukurasa wa kumi na kitu.

Mzee hakumwambia mtu. Alibadilisha masharti kimya kimya: samaki wa leo kwa pesa ya leo, na juu yake kipande cha deni la zamani, laki moja kila gari linapokwenda. Mpishi alinung'unika siku mbili, siku ya tatu akatuma pesa kwa simu kabla gari halijaondoka. Deni limeanza kushuka, polepole, kwa namba kavu.

Juma lililopita mpishi alipiga simu akauliza bei ya nguru.

Akatajiwa. Akasema ghali, akakata.

Alhamisi ile gari halikwenda. Huenda hoteli imepata nafuu na mpishi amerudi kubana matumizi. Huenda pia amepata mchuuzi mwengine ambaye hana habari, anayekubali kuandika daftarini. Mzee alichukua kalamu, akaandika tarehe pembeni ya salio lililobaki, milioni moja na laki nne, akaliacha daftari wazi.